Hopsi Juu ya Paa la Bi Zuwena

Mpaka leo siwezi kumenya balungi nikiwa nimetulia. Nikitia ukucha kwenye ganda lake, yale mafuta yakanirukia puani, husimama hapo hapo jikoni kwangu Nairobi, kisu mkononi. Mume wangu anasema nina kesi na matunda. Namwacha acheke, maana kuieleza kesi yenyewe kunataka nianzie mbali, na yeye ni mtu wa habari fupi. Nyinyi naona mna subira. Basi kaeni niwaambie: harufu ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza duniani, na niliifanya nikiwa na miaka kumi na mmoja, juu ya paa la nyumba ya watu, Maskati.

Nyumba yenyewe ilikuwa Al Khoudh, mtaa wa wahadhiri na wanafunzi, na mwenyewe alikuwa Bi Zuwena. Yeye alikaa chini, sisi tukapanga juu: baba, mama na mimi. Bi Zuwena alizaliwa Unguja akapelekwa Oman akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu, hata akikufokea ungetamani aendelee. Siku tuliyohamia, aliposikia tunazungumza ngazini, alitoka mbio ushungi haujakaa sawa, akamshika mama mikono yote miwili. "Mnasema Kiswahili! Wallahi nlikuwa nshachoka na wapangaji wa kuonyeshana kwa vidole." Tangu hapo hatukuwa wapangaji tena, tukawa watoto wake wa juu. Kila alasiri alifukiza udi nyumba nzima, moshi ukapanda ngazi mpaka kwenye kabati letu la nguo. Kanisani siku ya Ijumaa, maana huko ndiyo siku ya mapumziko, hapakuwa na familia iliyonukia kama sisi.

Mama alikuwa muuguzi. Baba alikuwa mpishi wa bia, yaani huko Kenya, na alikuwa na jina. Watu walisema angeweza kusimama kando ya pipa lililofungwa akakwambia bia ya ndani itaharibika lini. Kiwanda kilipopunguza watu alipata kazi kwenye kiwanda cha juisi, Rusayl, kunusa na kuonja maembe na machungwa kabla hayajatiwa chupani. "Nimerudishwa shule ya chekechea," alikuwa akisema, lakini alisema akicheka. Maskati bia hakuipika hata tone. Sheria ilikataza mtu kuipika nyumbani, na baba aliogopa sheria za watu kama anavyoogopa nyoka.

Alichofanya ni kupanda hopsi. Kama hamzijui, hopsi ni mmea unaotambaa kwenye kamba na kutoa maua ya kijani yenye magamba laini yaliyolaliana. Maua hayo ndiyo yanayoipa bia uchungu wake na harufu yake. Kwetu hazilimwi sana, viwanda huziagiza ng'ambo. Sasa baba alikuwa na rafiki, Gitonga, mwenye shamba Timau, kwenye baridi ya Mlima Kenya, ambaye pamoja na washirika wake alikuwa anafungua kiwanda kidogo cha bia na alitaka kulima hopsi zake mwenyewe. Uwezo wake ulitosha kuanza na aina moja tu. Aliyemwamini kuichagua aina hiyo ni baba, na kama uchaguzi ungewaridhisha washirika, baba ndiye angekuwa mpishi mkuu. Tungerudi nyumbani. Neno hilo, nyumbani, lilianza kusikika mezani kwetu kila jioni, na mama akaanza kutaja majina ya miti ya maua atakayopanda.

Hopsi ni za nchi ambako baridi huulaza mmea miezi kadhaa, kisha kiangazi jua halitaki kuzama. Timau haina baridi ya kutosha kuulaza mmea wala mchana mrefu wa kuukuza. Baba alisema Maskati patakuwa mahali pazuri pa kuzitesa. "Itakayozaa kwa shida za hapa, Timau itazaa ikicheka." Mwingereza mmoja wa pale kazini alimpatia vipande vya mizizi vya aina nne: Saaz, Fuggle, Chinook na Cascade. Baba akavilaza kwenye friji wiki kadhaa, ili vidhani ni baridi ya kwao. Mama alikuwa akifungua friji kutafuta sukuma wiki anakutana na mizizi yenye udongo imefungwa kitambaa kibichi. "Hiki ni chakula ama ni maiti?" aliuliza siku moja, na baba akamwambia afunge mlango, wagonjwa wanapata joto.

Kisha akavipanda juu ya paa, kwenye mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu, nyuma ya tangi la maji ambako jua lilichelewa kufika. Alivimwagilia maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi, aliyoyakinga kwa ndoo. Magharibi aliwasha taa juu yake ili mimea iamini mchana haujaisha. Bi Zuwena alipanda kuona taa ya nini, akakuta mashina yameanza kujisokota kwenye kamba.

"Maua gani haya, baba Nyambura?"

"Ni ya kinywaji, Bi."

"Kinywaji cha namna gani?"

"Kichungu."

"Ah, cha tumbo hicho," alisema, akaridhika. Baba akainama kukaza kamba ambayo haikuwa imelegea.

Mwezi wa pili baba alishikwa na homa kali. Alikataa kwenda hospitali, na Bi Zuwena akawa anapandisha bakuli za supu na methali juu yake: mficha maradhi kifo humuumbua. Homa ikapita, baba akarudi kazini, sote tukamshukuru Mungu. Kisha alasiri moja niliingia jikoni nikamkuta anakunywa maziwa yaliyochacha. Harufu ilinipokea mlangoni. Yeye alikuwa amesimama pale anakunywa kwa utulivu, na alipoona nilivyokunja uso alishusha gilasi taratibu, akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

Alinusa chupa. Akanusa sabuni ya vyombo, akanusa kopo la karafuu, akaingiza pua yote ndani ya kopo. Akachukua kitunguu akakikata katikati, akakiweka puani, na machozi yakamtoka, lakini harufu hakuipata. "Nilidhani ni mafua tu yanachelewa kuisha," alisema. Kisha akanipigia magoti, baba yangu mzima, akanishika mabega. "Mami, hili tusimwambie mama. Nilishamwambia pua imerudi." Kiwandani wakijua kuwa mnusaji wao hanusi, kazi imeisha, na kazi ikiisha kibali cha kukaa nacho kimeisha. Gitonga akijua, Timau imeisha. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, na vidole vyake vilikuwa vinaniumiza.

Kiwandani alijificha nyuma ya mwenzake: alingoja mwenzake akunje uso, naye akakunja. Niliposimuliwa hivyo nilicheka, akacheka na yeye. Lakini kuhusu hopsi hapakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Palikuwa na mimi.

Saaz ilikufa mapema, kabla hata haijafika kwenye kamba. Fuggle ilijikaza, ikakauka joto lilipoanza kupanda. Zikabaki Chinook na Cascade, zimefunika ukuta, na mwezi wa nne zikatoa maua. Kila nikirudi shuleni nilivua viatu, nikanywa maji, nikapanda paani. Baba alinifundisha kazi. Unachuma maua mawili matatu, unayasugua kati ya viganja mpaka unga wa njano ulio ndani unate mikononi, unaweka viganja puani na kunusa mara fupi fupi, kama anavyonusa paka. Pua ikichoka unaipumzisha kwa kunusa mkono wa shati lako mwenyewe. Kisha unasema kitu cha kwanza kinachokujia, bila aibu.

"Cascade?"

"Balungi," nilisema. "Ganda lake. Na maua, lakini kwa mbali."

"Chinook?"

"Dawa ya kusafishia choo."

Alifikiri kidogo, uso ukamng'aa. "Ile ya kijani? Hiyo ni msonobari! Endelea, kuna nini kingine?"

"Pilipili manga."

Jioni alimpigia Gitonga, nami nikiwa nimekaa kando yake nikamsikia akisema kwa sauti nzito ya mpishi mkuu: "Kwenye Chinook nasikia msonobari, na pilipili manga inakuja nyuma. Cascade ni balungi tupu, na ua kwa mbali." Yalikuwa maneno yangu, yamevaa suti. Kwanza niliona fahari. Nilijiona mtu mkubwa, nina siri na cheo. Lakini siku zilivyokwenda baba alianza kuniuliza ua lile lile mara ya tatu na ya nne. "Una hakika? Si kitunguu? Likiiva kupita kiasi hunuka kitunguu, mami, nusa tena." Nilinusa mpaka kichwa kikauma. Nilianza kuogopa mafua. Mtoto akipiga chafya darasani nilihama kiti. Usiku nilikuwa najinusa mkono kitandani kuhakikisha kuwa pua yangu bado ipo. Na baba, akidhani sioni, alikuwa akisimama peke yake mbele ya ule ukuta wa maua, ameyasugua viganjani, amefunika uso wote kwa mikono, anavuta pumzi kwa nguvu mpaka mabega yanapanda. Nilikuwa namhurumia mpaka naona hasira.

Tulichagua Cascade. Ilikuwa imezaa zaidi, na Gitonga alisema bia ya kunukia balungi vijana wataigombania. Lililobaki ni kuwatumia washirika maua yaliyokaushwa, wayasugue kwa mikono yao wenyewe, waamue. Baba aliyachuma yaliyokomaa, akayatandaza kwenye mkeka ndani ya chumba kidogo cha juu ya ngazi, feni ikiyapulizia, mpaka yakawa yanavunjika yakiguswa. Mwenzetu wa kanisani, Baba Akinyi, alikuwa anasafiri kwenda Nairobi siku ya kazi, mchana, basi baba akaomba ruhusa kiwandani. Asubuhi ile kabla sijaenda shule baba alinipandisha ninuse mara ya mwisho. Balungi lilikuwa pale, safi, tamu, nikamwambia. Akanibusu kichwani. Akaenda Seeb kununua mifuko ya kufungia isiyopitisha hewa.

Niliporudi niliwahi kumsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu ile homa. "Yamekwenda, mami!" alisema, anakunja mkeka. "Nimeyafunga vizuri, Baba Akinyi amepita kuyachukua. Sasa hivi yuko uwanja wa ndege."

Nilipokea mkeka nimsaidie kuubeba.

"Baba," nilisema, "mkeka unanuka udi."

"Si Bi Zuwena anafukiza kila siku?"

"Sio nyumba. Mkeka."

Alinitazama, akauchukua mkeka akautandaza tena chini. Akapiga magoti, akalaza uso juu yake na kuvuta pumzi. Akasogea pembe ya pili. Akasogea ya tatu, anatambaa kwa magoti, shavu limegusa ukili, na mimi nimesimama na begi la shule mgongoni.

"Ni sana?" aliuliza bila kuinua uso.

"Sana."

"Na chini ya udi? Balungi halipo?"

Nilipiga magoti nikanusa. Nilitafuta kwa bidii yangu yote, nakuapieni, nilikuwa tayari kulipata hata kama ni chembe. "Halipo, Baba."

Alimpigia Baba Akinyi, simu imezimwa. Akapiga tena na tena. Tulikuwa bado tumekaa sakafuni pale Bi Zuwena alipopanda, anahema, na sahani ya halua mkononi.

"Yashaondoka? Alhamdulillahi. Nlipanda kukuulizieni, nkayakuta maua ya watu yamelala tu yanangoja safari. Nkasema, aibu hii! Kitu hakitoki nyumbani kwangu kikaenda kwa watu bila ya udi. Nkaleta chetezo, nkayafunika kwa kanga, nkawa nayageuza huku na huku mpaka yakashiba moshi. Na si udi wa kila siku, mwanangu. Ule nliouweka kwa harusi ya mjukuu wangu."

Nilingoja baba apige kelele. Alisimama, akajipangusa magoti, akapokea sahani kwa mikono miwili. "Asante, mama," alisema. "Umenifanyia heshima kubwa."

"Yalinukia?"

"Yalinukia sana."

Bi Zuwena alipoteremka, nilimrukia baba kwa maneno. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Cascade bado ilikuwa na maua ambayo hayakuwa yamekomaa, tungeyachuma, tungeyakausha, tungetuma mengine. Na Gitonga tungemwambia kuwa mimi ndiye niliyeyafunga yale ya kwanza, kwa kuwa baba alikuwa kazini. "Sema ni mimi, Baba. Mimi ni mtoto, hawatanifanya kitu." Alikuwa anatazama mikono yangu, ambayo wakati ule ilikuwa na rangi ya manjano kwenye mistari ya viganja na haikutoka hata kwa sabuni.

Gitonga alipiga siku iliyofuata, mama akiwa nyumbani anapiga pasi sare yake. Sauti ya Gitonga ilikuwa kubwa siku zote, ungeisikia chumba kizima. Alisema washirika wamecheka mpaka wamelia. Mmoja aliuliza kama wanafungua kiwanda cha bia ama duka la manukato. Baba akacheka kidogo. Kisha Gitonga akashusha sauti, na nikalazimika kusogea ili nisikie.

"Ndugu yangu, uliyanusa kabla hujafunga?"

Baba alinitazama. Nikajionyesha kidole kifuani kwa nguvu: sema ni mimi. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa uso wangu kama nilivyomwomba pale. Timau yote ilikuwa kwenye mdomo wake, nyumbani kwetu, miti ya maua ya mama. 

"Sikuyanusa," baba alisema. "Sinusi kitu, Gitonga. Tangu ile homa. Yote niliyokwambia alikuwa ananusa mtoto."

Nilisikia pasi ya mama ikiwekwa chini.

Timau walimchukua mpishi mwingine. Baba alikwenda mwenyewe kumwambia mkuu wake kiwandani, akahamishiwa ghala, mshahara ukapungua, mimi nikabadilishwa shule. Mama hakumfokea kwa kumficha, ingawa kwa siku nyingi alikuwa akinipekua kwa macho kila nikipita, kama anayetafuta jeraha. Zile hopsi joto la mwezi wa sita lilizimaliza, hakuna aliyezimwagilia. Pua ya baba haikurudi tena. Na mimi nilimkasirikia kwa miaka. Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, uko tayari, haumwumizi mtu, na yeye akautupa, akatutupa na sisi nao. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka nimekuwa mtu mzima, nina nyumba yangu.

Juzi juzi nilikuwa na siku mbaya, moja ya zile siku ambazo mtu anakaa kitandani na viatu vyake. Binti yangu wa miaka saba aliingia. Hakuniuliza nina nini. Alisimama mbele yangu, mikono ameiachia, akauliza, "Mama, nikufanyie nini?" Alikuwa tayari kubeba chochote nitakachompa. Niliuona uso ule nikaujua, ingawa sikuwahi kuuona, maana wakati ule niliuvaa mimi. Uso huo ndio baba aliokuwa akiutazama na simu sikioni. Kama angesema ninavyotaka, tungekwenda Timau, na kila siku ningerudi shuleni nipande kiwandani nikanuse, mwaka huu na ujao, na mpishi mkuu angekuwa mimi, mpaka siku nitakayopata mafua. Alikuwa ametafuta njia ya kutoka kwenye shimo lile miezi yote, na njia ilipofunguka aliona kuwa inapita mgongoni kwangu.

Alipokata simu siku ile, kabla mama hajasema neno, alinishika kidevu. "Imeisha kazi, Nyambu," alisema. "Nenda ukacheze." Niliteremka ngazi nikilia kwa hasira, nikapita mlango wa Bi Zuwena, nikafungua geti, nikatoka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, haina mtu. Nikasimama pale pale, kwa sababu sikujua watoto wenzangu siku hizo walikuwa wanachezea wapi.